Matembezi ya Familia Yasiyochosha: Kutoka Nyarusange hadi Gishora

Bustani ya burudani, kwa maana inayoeleweka leo katika nchi nyingi, ni eneo lililozungushiwa ua, lenye mlango unaolipiwa, ambamo michezo, maonyesho, vyakula na hata mavazi ya wafanyakazi hupangwa ili vyote vitumikie dhamira moja, iwe ni hadithi fulani, zama fulani za historia au utamaduni wa watu fulani. Na dhamira hiyo ndiyo inayoitenga bustani ya aina hii na uwanja wa kawaida wenye pembea. Mfano wake mashuhuri ni Disneyland, iliyofunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, mwaka uleule ambao Makumbusho ya Taifa ya Gitega, nchini Burundi, yalianzishwa. Matukio hayo mawili hayana uhusiano wowote, lakini yakitazamwa pamoja humsaidia mzazi wa Nyarusange anayefikiria mahali pa kuwapeleka watoto wakati wa likizo ndefu kuona alicho nacho karibu: Burundi haina bustani kubwa ya mitambo ya kupaa na kuporomoka, ila ina maeneo yaliyojengwa juu ya dhamira moja, yenye ua, malipo ya kuingia, mwongozaji na onyesho, na la kwanza kati ya hayo ni Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme.

Mazungumzo haya yanashughulikia jinsi familia inavyoweza kwenda huko na kurudi ikiwa imepumzika kweli, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa siku iliyotengwa kwa mapumziko mara nyingi huishia katika ugomvi wa nauli, kilio cha mtoto mwenye njaa, na mama aliyefanya kazi maradufu ya siku ya kawaida. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uchovu huo husababishwa na mambo mengi kurundikwa katika siku moja huku mzigo wake ukiachiwa mtu mmoja, na kwamba mpango mzuri ni ule unaopunguza idadi ya mahali pa kutembelea, ukagawa kazi mapema, na ukaacha saa kadhaa za siku bila shughuli yoyote.

Nyarusange ilihesabiwa miongoni mwa komine 11 za mkoa wa Gitega, komine ikiwa ni ngazi ya utawala iliyo chini ya mkoa na juu ya kanda na vilima, mpaka mageuzi ya mwaka 2025 yalipopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na komine kutoka 119 hadi 42. Na jina hilohilo lipo pia upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi, jirani na mpaka wa Tanzania. Kwa wakazi wa Nyarusange ya Gitega, safari ya Gishora ni ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa kuwa mahali hapo pako takriban kilomita 7 tu kutoka mji wa Gitega, uliotangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa mwishoni mwa mwaka 2018. Kwa wakazi wa upande wa Muyinga, wanaopitia Karusi, ni busara kulala usiku mmoja kwa ndugu mjini Gitega, kwani mtoto aliyeamshwa saa kumi alfajiri na kukaa njiani asubuhi nzima hafiki akiwa na hamu ya kuona chochote, na mzee aliyekunja magoti ndani ya basi dogo la Hiace kwa muda wote huo huhitaji kitanda kabla ya kuhitaji ngoma.

Kilima cha Gishora kinahusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi kuanzia miaka ya 1850 hadi alipofariki mwaka 1908, na mapokeo yanaeleza kuwa alijenga makao hapo baada ya kumshinda mtawala mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Ndani ya ua mgeni hukuta nyumba za duara zilizoezekwa kwa nyasi kwa mtindo wa makao ya kifalme, na huelezwa habari za ngoma mbili takatifu zinazotunzwa hapo, Ruciteme na Murimirwa, ambazo majina yao yanakumbusha kazi ya kufyeka na kulima kwa ajili ya mfalme. Mwaka 2014 UNESCO, yaani shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliiandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi usioshikika, na maana ya urithi huo ni ule unaoishi katika matendo, sauti na maarifa ya watu, tofauti na majengo na vitu vinavyoweza kuwekwa kabatini. Hapa ndipo Gishora inapoizidi bustani yoyote ya kubuniwa, kwa sababu dhamira yake haikutungwa na kampuni ili iuzwe. Wengi wa wapigaji ni wa ukoo wa waliotunza patakatifu pa ngoma, na mtoto wa Nyarusange anayewatazama anatazama historia ya nchi yake mwenyewe.

Onyesho lenyewe linastahili kuelezwa kwa karibu, kwa maana mpango mzima wa siku unapaswa kulizunguka. Ngoma huchongwa kutoka gogo zima la mti uitwao umuvugangoma, unaojulikana katika elimu ya mimea kwa jina la Cordia africana, kisha mdomo wake huwambwa ngozi ya ng'ombe iliyobanwa kwa vigingi vya mti pande zote. Abatimbo, yaani wapigaji, huingia kwa mstari wakiwa na ngoma hizo nzito vichwani, mikono yote miwili ikiwa huru kushika vijiti vya kupigia, nao hupiga huku wakitembea na kuimba, hivi kwamba sauti huwafikia watazamaji kabla ya watu wenyewe kuonekana. Wakishatua ngoma chini kwa umbo la nusu duara, ngoma ya katikati, inkiranya, hutoa maelekezo, zile ziitwazo ibishikizo huifuata, na amashakwe hushikilia mapigo yasiyobadilika chini ya zote. Ndipo wapigaji wanapopokezana kutoka mbele mmoja baada ya mwingine, wakiruka juu kiasi cha visigino kugusa mapaja, kabla ya kurudi kwenye nafasi zao.

Sauti hiyo mtu mzima huihisi kifuani, na mtoto mdogo huihisi mwili mzima. Wazazi wengi huwasogeza watoto mbele kabisa ili waone vizuri, na matokeo yake ni kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu huangua kilio katika dakika ya kwanza, mama huondoka naye mbio, na kwa muda uliosalia mama huyo husikia onyesho akiwa nyuma ya nyumba. Inafaa zaidi familia ikae pembeni mwanzoni, mtoto akiwa mapajani kwa mtu anayemwamini, na asogezwe mbele polepole kadiri anavyozoea, au aachwe hukohuko pembeni mpaka mwisho kisha apelekwe kuigusa ngoma iliyonyamaza. Siku moja kabla, kaka au dada mkubwa anaweza kumchezea mdogo wake video ya abatimbo kwenye simu kwa sauti ndogo, ili kesho yake akutane na kitu anachokifahamu.

Kuna swali jingine ambalo mzazi hana budi kulitarajia, hasa mwenye binti wa umri wa shule. Agizo la rais la Oktoba 2017 lilikataza wanawake kupiga ngoma hizi, na lilitaka pia maonyesho yanayofanywa nje ya sherehe rasmi yaombewe kibali cha wizara inayosimamia utamaduni. Kwa hiyo msichana atakayeuliza kwa nini hakuna mwanamke hata mmoja katika nusu duara anauliza jambo la kweli na anastahili jibu la kweli, kwamba hii ni desturi iliyotiwa nguvu ya sheria, na kwamba Warundi wenyewe hawana kauli moja kuhusu agizo hilo. Kumnyamazisha ili siku isiharibike ni kosa, kwa kuwa swali la mtoto ni sehemu ya matembezi sawa na ngoma yenyewe.

Jambo linalosumbua familia kuliko yote katika safari za namna hii ni kusubiri, na hapa mfano wa mbali unafundisha vizuri. Siku ya ufunguzi wa Disneyland watu walifika kwa tiketi za kughushi kwa wingi kiasi kwamba idadi inayotajwa ni karibu 28,000, ilhali walioalikwa walikuwa wachache mno kuliko hao. Jua lilikuwa kali, mgomo wa mafundi bomba ulikuwa umesababisha mabomba ya maji ya kunywa kuwa haba, na lami iliyokuwa imemwagwa karibuni ililainika kiasi cha viatu vya wanawake kuzama ndani yake. Bustani hiyo iliendelea kukua kwa kuchukulia kivuli, maji na foleni kuwa kazi ya kitaalamu yenye uzito sawa na michezo yenyewe. Mwaka 1985 David Maister, mtafiti wa uendeshaji wa huduma, aliandika makala kuhusu saikolojia ya foleni ambayo bado inatumika, na ndani yake alionyesha kuwa muda wa kusubiri bila kazi huonekana mrefu kuliko muda wa kusubiri wenye shughuli, kwamba kusubiri kusikojulikana mwisho wake huchosha kuliko kusubiri kwenye kikomo kinachojulikana, na kwamba kusubiri bila kuelezwa sababu huumiza zaidi.

Kanuni hizo zinafaa Gitega sawasawa na zinavyofaa California. Hiace haiondoki stendi mpaka ijae, na onyesho la Gishora kwa kawaida hufanywa kwa kuombwa na kulipiwa, hivyo familia inayofika bila taarifa inaweza kukuta wapigaji wako mashambani mwao, au wameitwa kwenye sherehe. Dawa ya kwanza ni kutuma ujumbe au mtu wiki moja kabla, kukubaliana siku, saa na malipo, na kuulizia tena jioni ya kuamkia siku hiyo. Dawa ya pili ni kuwaambia watoto ukweli kuhusu muda: mtoto akiambiwa kuwa ngoma zitaanza baada ya kula, atasubiri kwa subira kubwa kuliko yule anayejibiwa kila mara kuwa bado kidogo. Dawa ya tatu ni kubeba shughuli ya kusubiria, ambayo haihitaji fedha, kama vile kuwaachia vijana jukumu la kuhesabu aina za ndege au kumwomba bibi asimulie aliyoyasikia utotoni mwake kuhusu muganuro, sikukuu ya kale ya mtama ambayo ndiyo iliyokuwa wakati mkuu wa ngoma hizi katika mwaka wa kifalme. Familia nyingi hugundua kuwa saa hiyo ya kusubiri chini ya mti, ikipewa kazi, huwa bora kuliko sehemu kubwa ya safari.

Suala la nani anabeba nini haliwezi kupitwa haraka, kwa sababu katika nyumba nyingi za Nyarusange, kama katika nyumba nyingi za ukanda huu, matembezi ya familia huwa ni mapumziko ya baba na watoto yanayotayarishwa na mama. Mama ndiye anayeamka usiku kuchemsha maharage na viazi vitamu, ndiye anayefunga mtoto mgongoni, ndiye anayekumbuka sweta za jioni, kwa kuwa nyanda za juu za Gitega hupoa sana jua likizama katika miezi ya kiangazi, na ndiye anayeulizwa na kila mtu mahali kilipo kila kitu. Mpango unaostahili kuitwa wa mapumziko huanzia hapo. Chakula kiwe cha kupikwa jana yake au kisichohitaji kupikwa kabisa: mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga, mikate na mandazi, pamoja na chai ndani ya thamosi na maji safi ya kutosha ndani ya kidumu, kwa sababu familia haipaswi kutegemea kupata maji ya kunywa inakokwenda. Vinywaji vya chupa vinunuliwe mjini, visibebwe kutoka nyumbani. Baba ashike mtoto mchanga wakati wa onyesho zima, shangazi asimamie chakula, na kijana mkubwa apewe mkeka na vikwembe vya kutandika. Na kazi hizo zitajwe hadharani jioni ya kuamkia safari, kila mtu akisikia yake, kwani kazi ambayo haikutajwa humrudia mama.

Mzee anayesafiri na familia naye anahitaji kufikiriwa kabla ya mtu mwingine yeyote, ingawa desturi ya heshima humfanya asiseme akichoka. Kiti kimoja chepesi kikibebwa kwa ajili ya babu au bibi, na kituo kimoja kikapangwa mjini Gitega ambapo atapata choo kilicho safi na mahali pa kunyoosha miguu, siku nzima hubadilika, kwa maana mzee aliyekaa vizuri huwa mwalimu wa watoto mbele ya kila kitu kinachoonyeshwa, ilhali mzee aliyesimama juani huwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Usafiri una mambo matatu ambayo yakisahauliwa huvunja mpango wowote. Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi katika miaka ya karibuni umefanya ahadi ya dereva kuwa na maana pale tu mafuta yanapokuwa tayari ndani ya tangi, kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gari si bei, ni kama anayo mafuta ya kwenda na kurudi, na jibu lake lisikike siku mbili kabla. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za maendeleo za pamoja, ambapo wananchi hukusanyika kujenga na kusafisha, na magari ya abiria husimama mpaka kazi zimalizike. Zaidi ya hayo, Jumamosi za kiangazi ni za harusi, ambazo huchukua magari na wapigaji ngoma pia. Siku ya kazi katika Julai au Agosti, shule zikiwa zimefungwa na mvua zikiwa zimekatika, ndiyo siku tulivu kuliko zote, mradi wazazi wanaweza kuipata. Makubaliano na dereva yajumuishe muda wa kumsubirisha na saa ya kurudi kabla ya giza, na familia mbili au tatu za kilima kimoja zikikodi Hiace nzima kwa pamoja, gharama hugawanyika, na kero ya kungoja gari lijae huondoka kabisa. Watu wazima wabebe vitambulisho vyao, kwa kuwa vizuizi vya polisi barabarani ni vya kawaida.

Kundi moja linahitaji neno la pekee, nalo ni familia zinazorudi likizo kutoka Ubelgiji, Uholanzi, Kanada na kwingineko. Watoto waliokulia huko wanazijua bustani za mitambo. Wamefika Efteling, iliyofunguliwa Uholanzi mwaka 1952, au Disneyland ya karibu na Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992, na wamezoea ratiba iliyochapishwa na tiketi yenye saa. Wazazi wao, wakiwa na majuma mawili au matatu tu na deni la kuwaona ndugu wote, hujaribu kuwaonyesha nchi nzima: Gishora asubuhi, makumbusho mchana, kesho yake chanzo cha Nile huko Rutovu, ambako mnara mdogo wa piramidi ulijengwa mwaka 1938, keshokutwa ziwa. Watoto hurudi na picha nyingi na kumbukumbu chache, na binamu zao wa Nyarusange, ambao ndio hasa walipaswa kuwa kiini cha safari, huonekana kwenye picha hizo kama wapita njia. Ni afadhali mara mia familia hiyo iende Gishora peke yake pamoja na binamu wote, ile chini pamoja, na kulala mapema.

Utafiti wa saikolojia unaunga mkono ushauri huo kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walitumbukiza mkono katika maji baridi sana kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 zilezile zikifuatwa na sekunde 30 za maji yaliyopashwa moto kidogo tu. Walipoulizwa ni jaribio gani wangependa kulirudia, wengi walichagua lile refu, ingawa jumla ya maumivu yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu mwisho wake ulikuwa wa nafuu. Kumbukumbu ya binadamu, kwa maelezo ya watafiti hao, hushika zaidi kilele cha tukio na mwisho wake, na urefu wa tukio hauna uzito mkubwa. Kwa familia maana yake ni wazi: siku ifungwe watoto wakiwa bado wanacheza, kabla ya mtu yeyote kuanza kulia au kugombana, hata kama bado kuna kitu ambacho hakijaonekana. Nusu saa ya mwisho inayotumika kutafuta zawadi sokoni huku kila mtu amechoka inaweza kuiharibu kumbukumbu ya siku nzima.

Makumbusho ya Taifa mjini Gitega yanaweza kuunganishwa na Gishora bila kuichosha familia, kwa kuwa ni madogo na vikapu, vyungu, ngoma na picha za watawala zilizomo huzungukwa kwa muda mfupi. Ila hata hapo uamuzi uachwe wazi, na watoto wakionekana wamechoka, makumbusho yasubiri mwaka mwingine. Maporomoko ya Karera, upande wa Rutana, yanayoshuka kwa matawi sita katika ngazi tatu, ni ya kupendeza mno kwa vijana wenye miguu imara, lakini njia zake zenye unyevu hazimfai mzee wala mama mwenye mtoto mgongoni. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, ambayo wakazi wa Muyinga huitaja kwa fahari na ambayo ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500, yenye nyati, viboko na mamba, inahitaji gari imara, mwongozaji na subira ya watu wazima, hivyo isichaguliwe kuwa matembezi ya kwanza ya mtoto. Pwani za Ziwa Tanganyika huko Bujumbura zinawavutia watoto kuliko chochote kile, ila barabara ya kutoka Gitega hupanda hadi Bugarama kisha hushuka kwa kona nyingi kuelekea bondeni, na mtoto anayetapika njiani hufika ziwani akiwa mgonjwa. Aidha, viboko na mamba wamo katika maji hayo, na mzazi mmoja lazima awe amekaa ukingoni macho yakiwa kwa watoto muda wote, jambo ambalo kwake si mapumziko.

Kuhusu fedha, kiasi chote cha siku kitengwe kabla ya kuondoka na kigawanywe kwa mafungu: usafiri, onyesho, vinywaji, na akiba ya dharura isiyoguswa. Kila mtoto anayejua kuhesabu apewe fedha yake ndogo mkononi aitumie apendavyo, kwa sababu mtoto mwenye fedha yake haombi kila anachokiona, na wazazi huepuka mabishano ya mfululizo mbele ya wauzaji. Watoto wadogo waandikwe namba ya simu ya mzazi kwa kalamu kwenye mkono, na watoto wote waelekezwe mara tu wanapofika mahali pa kukutania iwapo watapoteana, mahali pasipohama, kama vile lango la ua.

Yamebaki ya upande wa wenye mamlaka, kwa maana familia haiwezi kupanga peke yake kile ambacho mahali penyewe hapajakipanga. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967 kikiwa na nyumba za asili za jamii mbalimbali za Tanzania, na Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, vimejulikana kwa vizazi kadhaa kuwa mahali ambapo mzazi wa kipato cha kawaida humpeleka mwanawe akaone ngoma na makazi ya watu wake, na Bomas ilijijengea jina kwa onyesho la alasiri lenye saa inayojulikana. Gishora ina utajiri ambao vijiji hivyo viwili havina, kwa kuwa yenyewe ni mahali pa asili na haikuigizwa. Kinachohitajika ni siku moja katika kila wiki ya likizo yenye saa ya onyesho inayotangazwa redioni kwa Kirundi na Kiswahili, bei ya mwananchi iliyo ndogo na iliyobandikwa langoni, mabenchi chini ya kivuli, na maji ya kunywa. Ombi hilo linaelekezwa kwa wanaosimamia utalii na utamaduni, na linatolewa kwa niaba ya mama wa Nyarusange ambaye hawezi kukodi kundi zima la abatimbo kwa ajili ya watoto wake wanne. Na familia inayokusudia kwenda Agosti ijayo isingoje hayo yatimie: ianze sasa kuulizia mafuta, siku ya wapigaji na kiti cha bibi.